Kazi ya Amisi

Harufu ya beberu haibishi hodi. Mwezi uliopita ilinikuta uani, nimekaa kwenye kibao natwanga sombe, majani ya mihogo, ikaingia puani na kushuka mpaka kooni: mkojo, jasho, manyoya ya mnyama aliyejilowesha mwenyewe ili apendeze. Niliacha mchi ndani ya kinu. Hata kabla ya kugeuza kichwa nilijua ni ndume mkubwa, mzima, asiyeguswa na kisu.

Wamama wa chama cha mtaa wetu walikuwa wamekwenda kumpokea kwenye gari la moshi. Ametoka kusini, kwenye nchi kavu ambako mvua ni mgeni. Ana miguu mirefu na masikio ya kulegea, si kama mbuzi wetu wa Kindu, wafupi, wenye tumbo kama chungu. Msichana wa kilimo anayetufundisha alisema watu wa nchi kavu wanajua kuzalisha mbuzi kutushinda, kwa sababu huko ukikosea mwezi wa kupandisha, mtoto anazaliwa mahali pasipo na jani, na mama yake hana maziwa. Wamama walimzunguka yule mnyama wakimpapasa mabega.

"Huyu njo bwana," mmoja akasema. "Si kama wale wetu wa kulala muchana!"

Wakacheka wote. Miye sikucheka. Nilikuwa nimerudi kwenye miaka kumi, na mikono yangu ilikuwa na damu.

Nitawaeleza, lakini mnivumilie. Darasani nilikaa miaka miwili tu, kuandika nikamalizia ukubwani, kwa hiyo maneno yangu yanatembea kwa miguu, hayana baiskeli.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa siku moja kutoka Kindu, kwenye njia ya Kibombo. Baba yangu, Amisi, alilima mpunga na mihogo kama wenzake, ila alikuwa na mkono. Kijiji kizima kilimwita yeye kuhasi mbuzi. Vyombo vyake vilikuwa kisu kidogo chembamba, majivu, chumvi, na mawese ndani ya kibuyu. Mtoto wa mbuzi alilia mara moja tu, akasimama, akarudi kunyonya. Wale waliokatwa wakanenepa, na nyama yao haikunuka. Beberu wa kupandisha alibakizwa mmoja kwa kijiji kizima, akalala kwetu.

Na huyo mmoja hakuachwa azeeke pale. Baba alisema mbuzi naye ana ukoo, hawezi kuoa binti yake. Kila baada ya miaka miwili au mitatu alimpeleka kwa wajomba zangu huko Tunda, akarudi na wa kwao. Mtu akibisha, baba alimwonyesha zizi la jirani mmoja mvivu, ambako watoto wa mbuzi walizaliwa miguu imepinda, au wakalala tu wasiamke. Hayo hakuyasoma popote. Aliyaona kwa macho, akayashika.

Beberu wa wakati ule tulimwita Kapita. Wazee wenzangu wanajua, kapita alikuwa msimamizi wa kazi za Wazungu, mtu anayepita kati ya wenzake kifua mbele, hashiki jembe, anatoa amri. Mbuzi wetu alikuwa hivyo hivyo. Chini ya tumbo baba alimfunga kipande cha gunia ili asipandishe ovyo, na sisi watoto tuliliita gunia lile suruali ya Kapita. Kutwa alipanda majike, kutwa suruali ilimkatalia. Mvua zilipokaribia kwisha baba alimvua. Alihesabu kwa vidole: mimba ni miezi mitano, jike akipandwa sasa, atazaa kiangazi kimeshapita, mvua zimerudi, majani mapya yanachipua. Kabla ya kuvuliwa gunia, hakuna jike aliyebeba. Hilo mlishike, kwa sababu mambo yote yaliharibikia hapo.

Kumlisha Kapita ilikuwa kazi yangu. Tangu aletwe mdogo kutoka Tunda, miye ndiye niliyemkatia majani ya viazi na ya mihogo, nikayaacha juani yanyauke kwanza ili yasimvimbishe. Nikimpa chumvi kiganjani alilala chini kama mbwa. Mama alisema, "Zaina, siku moja huyo mbuzi atakuposa."

Kisha vita vikafika. Nasema vile vya kwanza, vya utotoni mwangu, si hivi vilivyofuata ambavyo ninyi mnavijua wenyewe. Walikuja vijana wenye dawa, wamechanjwa kwenye paji la uso, wamevaa majani na ngozi. Dawa yao ilikuwa na miiko mingi kuliko punje za wali. Hawakushikana mkono na watu wa kawaida. Hawakutia kitu cha kike kwenye chungu chao. Na hawakula mnyama aliyekatwa, maana nyama ya asiyekamilika, walisema, inatoboa dawa na risasi inapita. Siku ya kwanza walichukua jogoo wote, na kila mbuzi dume mwenye nyama kidogo ambaye baba hakuwa amemkata bado. Waliokatwa waliwatemea mate wakawaacha. Majike hawakuwagusa. Kapita alipona kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimempeleka ng'ambo ya kijito kula.

Jioni wanaume wakakaa barazani. Mzee Salehe, jirani yetu, mwenye ulimi uliopiga kama fimbo, akasema jambo ambalo wote waliliona kuwa akili kubwa.

"Dawa yao inakataa mbuzi wa kukatwa. Basi tukate wote. Wakirudi, watakuta majike na wasio na kitu. Watakula nini? Majani yao ya kichwa!"

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza siku ile. Baba hakucheka.

"Na Kapita?"

"Naye. Amisi, leta kisu."

"Mukikata wote, mumekula mbegu," baba akasema. "Mwezi moja unabaki nimuvue gunia. Muniachie huyu moja. Nitamuficha porini."

Walibishana mpaka moto ukazimika. Mwisho Mzee Salehe akasema, "Sawa. Lakini akikupotea, weye njo utatupa mwingine. Utaenda kumutafuta hata kwa miguu ya kuazima."

Baba akakubali. Kesho yake akakata madume yote yaliyobaki, hata wadogo waliochelewa kuzaliwa. Vijiji vya jirani wakasikia, wakafanya vile vile, wakajiona wajanja. Sijui kama kuna watu wengine duniani waliookoa mbuzi wao kwa njia ile. Kwa njia yote ya Kibombo, kwa kadiri tulivyojua, kukabaki beberu mmoja, amefungwa kwenye mchikichi wa zamani ng'ambo ya kijito, na mwenye kumpelekea majani ni miye.

Wiki mbili hivi zikapita. Vijana wenye dawa wakamkamata baba njiani, wakamtwika masanduku yao, akaenda. Mama alilia siku moja, siku ya pili akarudi shambani, kwa sababu mihogo haijui kama kuna vita. Mimi nikabaki na Kapita, na Kapita alikuwa ameanza kupiga kelele. Alinusa majike kwa mbali. Alilia kwa sauti ile ya kukoroma, ulimi nje, na msitu ukaitikia. Nilimziba mdomo kwa mikono. Alinilamba, akaendelea.

Asubuhi moja mke wa Mzee Salehe akarudi kutoka mtoni, beseni kichwani, akasimama mlangoni kwetu bila hata kulitua.

"Wanarudi! Wako kijiji cha pili. Safari hii wanapita mpaka porini, wanasikiliza mbuzi."

Mama alikuwa shambani. Niliingia ndani. Kisu cha baba kilikuwa kimechomekwa kwenye dari ya majani, nikapanda kinu nikakichomoa. Nikachukua majivu, kibuyu cha mawese, na chumvi yote iliyobaki nyumbani, kiasi cha kujaa ngumi ya mtoto. Wala sikukimbia, nilitembea. Kichwani nilikuwa na hesabu nyepesi: aliyekatwa haliwi. Kapita akikatwa, haliwi.

Nilimpa chumvi, akalala kama alivyozoea. Nikamfunga miguu minne kama nilivyomwona baba akifanya mara nyingi, kamba nikaizungusha kwenye mchikichi. Nikamvua suruali yake. Mengine sitayasema yote, wengine wenu mnasoma mkiwa mnakula. Nasema tu kwamba mbuzi mkubwa si mtoto wa mbuzi. Hakulia mara moja. Na wakati wote aliniangalia, hata hakujaribu kuniuma.

Nikatia majivu, nikatia mawese, nikafungua kamba. Nilikaa naye mpaka jua lilipopinda, nikifukuza nzi kwa tawi. Kila nilipowaza mambo mabaya nilijiambia: watakuja, watamwona, watamtemea mate, watapita.

Hawakuja. Walishika njia nyingine. Mwezi ule hawakukanyaga kijiji chetu hata mara moja.

Baba akarudi baada ya siku nyingi, amekonda, mabega yamechubuka, kucha za miguu zimeng'oka. Alikunywa maji, akamsalimu mama, akaniuliza, "Kapita iko?"

"Iko, baba."

Sikudanganya. Alikuwepo, amepona, na alikuwa ameacha kupiga kelele. Baba alisema mvua zinakwisha, asubuhi atamvua gunia. Usiku ule sikulala. Asubuhi tulikwenda wote wawili. Aliona gunia limetundikwa kwenye mti. Akapiga magoti, akatia mkono chini ya tumbo la Kapita, akauacha hapo kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta sarafu iliyopotea majini.

"Nani?"

"Njo miye, baba. Walisema wanarudi."

Nilingoja kofi. Baba alikuwa na mkono mzito, nisiwadanganye. Aliendelea kumpapasa mbuzi.

"Na kisu gani?"

"Kile chako."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Hata mama yako?"

"Hata mama."

Akasimama. Akaniambia nimletee kisu, nikakimbia nikakileta. Akakitupa kwenye kijito, mahali penye matope, kisu chenyewe cha kazi yake, kisha tukarudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, Kapita katikati kwa kamba, kifua hakikuwa mbele tena.

Barazani wanaume walimwona mbuzi, wakamgeuza, wakaona. Mzee Salehe akapiga makofi polepole.

"Amisi! Si ulituambia tukikata wote tumekula mbegu? Mbegu iko wapi? Nani amekata huyu?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo ya jiko. Miguu ilitaka kwenda mbele. Baba hakugeuka kuniangalia.

"Miye," akasema.

"Weye! Na kichwa yako yote?"

"Miye. Kabla hawajanikamata. Niliogopa."

Nimesikia maneno mengi makubwa katika maisha yangu, ya mapadri, ya mashehe, ya wakubwa wa serikali. Hakuna lililonikaa kama lile. Walimcheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mtu aliyepigania beberu mbele ya kijiji kizima, kisha amemkata mwenyewe kwa woga! Tangu siku ile, mtu akiharibu kitu chake mwenyewe, akapasua mtungi wake au akachoma moto mpunga wake, watu walisema: amefanya kazi ya Amisi. Watoto wenzangu walisema. Miye mwenyewe nilisema, mara moja, kisimani, ili nisionekane kimya. Mungu alinisikia.

Mvua zikaisha, majike wakalia kutafuta dume, hakukuwa na dume. Walizunguka zizi, mikia ikitikisika, wakapanda wao kwa wao. Watu wa kijiji walisimama wakiangalia, na hapo kicheko kikakauka. Mbuzi ndiye aliyekuwa mahari yetu, ndiye dawa ya mgonjwa, ndiye chumvi na kitambaa. Baba akafunga nguo mbili kwenye kitenge, akaenda Tunda kutafuta beberu, kati ya watu wenye bunduki wa pande mbili. Siku ya kuondoka alinishika kichwa, kama anayepima ukubwa wa boga.

"Majani yanyauke kwanza," akasema. "Usisahau."

Mvua za kwanza ziliporudi, mjomba akatokea na beberu mweusi, mchanga, mwenye doa jeupe shingoni. Baba alifika Tunda, mjomba akasema, lakini mguu wake ulichomwa na kisiki njiani, ukavimba mpaka gotini. Alimchagua mbuzi mwenyewe, akiwa amelala kwenye kitanda, wakimpitishia mmoja mmoja mlangoni. Kisha akamwambia mjomba, "Mutangulie. Nitafuata." Mjomba alisema hivyo, akaangalia chini. Tulielewa kwamba habari ilikuwa na sehemu ya pili.

Kwa matanga ya baba alichinjwa Kapita. Wale wenye miiko walikuwa wameshaondoka, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwacha. Alikuwa amenenepa sana. Nyama yake iliiva upesi, haikunuka kitu, watu waliisifu. Mama aliniwekea kwenye sahani. Nilikula, kwa sababu siku zile hakuna mtoto aliyekataa nyama.

Yule mweusi wa Tunda alifanya kazi yake. Zizi likajaa tena, na vijiji vya jirani wakaleta majike wao kwetu. Hakuna aliyesema huu ni uzazi wa Amisi. Kazi ya Amisi ilibaki ile nyingine.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba alisema "miye" ili nisipigwe. Niliona ni wema mkubwa, lakini wema wa kipimo cha mtoto: fimbo chache. Nilipofika umri wa kuolewa, familia moja ya Kindu ikaja kuniposa. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye macho ya kupekua, alilala kijijini siku mbili akiulizauliza habari zangu kwa majirani. Usiku wa pili mama alikuwa ananisuka nywele. Akaanza kusema, bila kuniuliza kitu:

"Upande wa Pangi kulikuwa na binti moja. Alikata ndume kwa kisu. Mutoto tu, kwa muchezo. Hakuna aliyemutaka. Walisema mwanamuke mwenye kukata ndume amefunga tumbo yake mwenyewe, na atafunga nyumba ya mume. Alizeeka kwenye jiko ya kaka yake, anafagia majivu."

Akavuta nywele, akafunga uzi.

"Baba yako alimujua huyo binti," akasema. "Alikuwa dada yake."

Kisha akaniambia nigeuze kichwa upande wa pili. Hatukulisema tena jambo lile, na mama ameshakwenda.

Niliolewa Kindu. Nimezaa watoto saba, sita wanaishi. Wajukuu siwahesabu, wanakasirika nikimsahau mmoja.

Sasa turudi kwa beberu wa nchi kavu. Wiki iliyopita yule msichana wa kilimo aliwafundisha wamama kuhasi. Hakuna kisu tena. Kuna koleo kubwa la chuma, linabana mishipa juu ya ngozi, damu haitoki. Alilishika yeye kwanza, mwanamke, hajaolewa bado. Kisha akampa mjukuu wangu Riziki, ambaye ana mimba ya miezi saba, tumbo mbele. Riziki akabana. Mbuzi akalia mara moja, akasimama. Wamama wakapiga vigelegele.

"Angalia vizuri, Riziki," jirani yetu akatania. "Usibane huyo mugeni wa gari la moshi, utafanya kazi ya Amisi!"

Wakacheka. Riziki naye akacheka, mkono kiunoni. Nikamwuliza yule jirani, "Amisi njo nani?"

"Najua miye, mama? Mupumbavu fulani wa zamani. Ni maneno ya wazee."

Nilisimama. Magoti yangu yanachelewa, kwa hiyo walipata nafasi ya kunyamaza kabla sijafika juu. Nikawaambia Amisi alikuwa baba yangu, na hakukata mbuzi yeyote kwa woga. Aliyekata ni miye, na nilikuwa na miaka kumi. Nilidhani wangeshika midomo. Nilidhani mmoja angeangalia tumbo la Riziki, kisha aangalie mikono yangu. Lakini msichana wa kilimo akaniita koko, yaani bibi, akauliza tu, "Na mbuzi alipona, koko? Bila dawa?" Nikasema alipona. "Basi ulikata vizuri," akasema, na wamama wakarudi kwenye koleo lao.

Nilikaa chini. Kitu ambacho baba alikinunua kwa jina lake, na jina likafuatwa na mguu, na mguu ukafuatwa na mwili wote, wasichana wa leo wanakifanya kabla ya kwenda sokoni, na matumbo yao yanajaa. Sijui kama niliona furaha au hasira. Niliona uchovu.

Njiani kurudi Riziki alinishika mkono. Kisha akauliza, "Koko, kwetu kuna Salumu wawili, kuna Ramazani, kuna majina ya wajomba wote mpaka wa Tunda. Mbona hakuna Amisi hata moja?"

Nilimwambia aangalie njia, kuna mashimo. Ukweli ni huu. Kila nilipojifungua mtoto wa kiume waliniuliza, tumpe jina la baba yako? Nami nikasema hapana, kwa sababu watoto wenzake wangemcheka. Mara nne niliulizwa, na mara nne nilikataa.